Bei ya do ya juu

Chukua mrija wa soda wa plastiki, bana ncha moja kwa meno mpaka ilale flati kama sentimita mbili hivi, halafu kwa mkasi kata pembe zote mbili za ile sehemu iliyolala ili ibaki na ncha iliyochongoka. Hapo umepata ndimi mbili nyembamba zinazotazamana. Ingiza zote mdomoni, midomo ibane nyuma kidogo ya ulipokata, puliza kwa nguvu. Mwanzoni inatoka hewa tu na mate, ni kawaida, sogeza midomo mbele, rudisha nyuma, bana tena, puliza. Ikikubali utajua, maana inalia sauti kali ya puani na mtu wa chumba cha pili atauliza ni nini hicho.

Utamu wenyewe uko kwenye hatua inayofuata. Wewe ukiwa bado unapuliza, mwenzio ashike mkasi aanze kuukata mrija kwa mbele, kipande kwa kipande. Kila kipande kikidondoka noti inapanda, na wewe hujabadilisha chochote, pumzi ileile, midomo ileile. Mpaka mrija unabaki kidogo tu na unalia kijembamba mpaka meno yanasisimka.

Likizo ya Juni nilikuwa na wapwa zangu hapa Dar, mkubwa yuko sekondari anasoma mawimbi, mdogo bado wa shule ya msingi, na huyo mkubwa alikuwa na daftari zuri kweli lenye fomula ya mwendo sawa na frikwensi (mitetemo kwa sekunde) mara urefu wa wimbi, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na mchoro wa ule uma wa chuma unaogongwa na kuwekwa juu ya bomba lenye maji. Nikamuuliza umeshawahi kuushika huo uma? Akasema "Anko, tulichora tu." Basi nikasema sawa, sisi tutafanya kelele. Makala hii ni ya hizo kelele, na kitu kimoja nilichokiona humo ndani ambacho darasani hakikuwahi kunikaa kichwani hata nilipokuwa mwanafunzi mwenyewe.

Kwanza kwa nini mrija unalia. Unapopuliza, zile ndimi mbili zinafunga na kufungua haraka haraka, kila zikifungua kinaingia kijisukumo cha hewa, kinakimbia mpaka mwisho wa mrija, pale kwenye uwazi kinageuzwa kinarudi, na kikirudi ndo kinaziambia ndimi zifungue lini tena. Yaani pumzi yako ni mafuta tu, anayeamua noti ni urefu wa njia. Mrija wa sentimita 20 kwa hesabu unatakiwa utoe mitetemo kama 430 kwa sekunde, kwa vitendo unakuwa chini ya hapo kidogo kwa sababu ndimi zenyewe ni laini na zinaichelewesha kazi. Zumari la pwani, lile la kwenye chakacha, linalia kwa mpango huohuo wa ndimi, na wale waliokulia sehemu zenye mipapai wanakumbuka bua la jani la mpapai, lina tundu katikati, unalichana kidogo unapuliza. Utomvu wake unawasha midomo lakini nani alijali.

Sasa kwa wale walioimba kwaya, do ya chini na do ya juu mnazijua, ile ya mwanzo na ile ya mwisho kwenye do re mi fa so la ti do. Wanaume na wanawake wakiimba wimbo mmoja pamoja, mara nyingi wanapishana do hiyo moja na hakuna anayesema wanaimba tofauti. Kwa fizikia maana yake ni rahisi sana: do ya juu ina mitetemo mara mbili ya do ya chini. Mia ikiwa mia mbili, mia nne ikiwa mia nane. Basi. Nikawapa wapwa kazi moja tu, kila kidude tutakachotengeneza tukipandishe kutoka do ya chini mpaka do ya juu, tuone inatugharimu nini. Na hapo ndo nilipopata nilichosema nimekiona: kila kidude kina bei yake.

Tukaanza na mabomba. Fundi bomba alikuwa ameacha vipande vya PVC nyuma ya nyumba na ndala za zamani hazikosekani. Unashika bomba lililo wazi pande zote mbili, unapiga mdomo wake kwa soli ya ndala, pwaa, linatoa noti nene, fupi, safi. Hakuna pumzi, hakuna mate, na hata mtoto wa miaka minne anaweza, ndo maana mimi naliona hili kuwa kelele bora kuliko zote za nyumbani. Bomba la sentimita 60 kwa joto la Dar linatoa kama mitetemo 280. Tukakata lingine la sentimita 30, kwa sababu kwa mabomba bei inajulikana, nusu ya urefu, do ya juu.

Mkubwa akalipiga, akakunja uso. "Anko hii imelegea." Na kweli noti ilikuwa chini kidogo ya inapotakiwa, siyo sana, lakini ukiyapiga mawili pamoja unasikia haviendani. Hapa ndo daftari linapodanganya kidogo. Hewa inayotetemeka haiishii kwenye mdomo wa bomba, inatokeza nje kidogo kila upande, na kiasi inachotokeza kinategemea upana wa bomba siyo urefu wake. Bomba la upana wa sentimita 4 linajiongezea kama sentimita 1.2 kila mdomo. Kwa hiyo la 60 masikioni ni kama 62.4, na la 30 ni 32.4 ambayo siyo nusu yake. Ukilikata tena kama sentimita 1.2 vinakaa sawa. Tukakata, tukapiga, zikakaa! Nilimwona mtoto anatabasamu peke yake, na mimi nilifurahi zaidi yake ila nilijikaza.

Kitu kingine jaribu na bomba hilohilo: badala ya kupiga ndala na kuiondoa, ipige uiache imeganda mdomoni. Noti inaporomoka karibu do nzima chini. Bomba ni lile, urefu ni uleule, lakini mlango mmoja umefungwa na wimbi sasa lazima liende na kurudi mara mbili ndo limalize mzunguko mmoja. Mrija wa soda nao uko kwenye kundi hili la mlango mmoja uliofungwa, kwa sababu upande wa ndimi unahesabika umefungwa, ndo maana mrija mfupi vile unalia chini kuliko ungetegemea.

Na joto. Sauti haina mwendo mmoja, kwenye hewa ya nyuzi 30 inakwenda kama mita 349 kwa sekunde, kwenye nyuzi 10 inashuka mpaka kama 337. Lile bomba la 280 ukilipeleka Njombe asubuhi ya Juni litakupa kama 270, ni zaidi ya nusu ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Hamna kitu kimeharibika, hewa tu inatembea taratibu.

Tukaja kwenye chupa za soda za kioo, hizi ndo zilizoleta ugomvi. Mdogo alijaza maji chupa zikapishana, akawa anazigonga kwa kijiko. Mkubwa akawa anazipuliza kwa juu kwenye mdomo. Mdogo akasema yenye maji mengi ndo ina sauti ya chini, mkubwa akasema wewe husikii vizuri, yenye maji mengi ndo ina sauti ya juu. Wakabishana mpaka wakaanza kunyang'anyana chupa. Na wote wawili walikuwa sahihi!!

Swali la kujiuliza kila mara ni nani anayetikisika. Ukigonga, kinachotikisika ni kioo pamoja na maji yaliyomo, maji yanakiongezea kioo uzito, kizito kinatetemeka taratibu, noti inashuka. Ukipuliza, kioo hakihusiki kabisa, kinachotikisika ni ile hewa ya shingoni, inaruka juu chini juu ya hewa iliyofungiwa tumboni ambayo inafanya kazi ya springi. Ukiongeza maji, tumbo linakuwa dogo, springi inakuwa ngumu, noti inapanda. Chupa moja, maji yaleyale, mambo mawili yanayokwenda kinyume. Kama una mwalimu wa fizikia kwenye familia mtegee hili, mpe chupa mbili mezani bila kusema kitu.

Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyelishughulikia hili vizuri karne ya 19, alikuwa na matufe ya aina hii ya ukubwa tofauti, kila moja linaitikia noti yake tu, analiweka sikioni anachambua sauti zilizochanganyika. Na hesabu yake inaleta bei ya ajabu. Mkubwa alitegemea chupa ikijazwa maji nusu itafika do ya juu, maana bomba ndo lilivyofanya. Haikufika. Ilipanda kama nusu ya safari tu. Kwenye chupa, ili mitetemo iwe mara mbili inabidi ubakishe robo ya hewa, siyo nusu. Nusu inakupa mara 1.4 tu. Tukajaza mpaka ikabaki robo hivi na ikafika, ingawa chupa za soda zina mabega ya mteremko na kukadiria robo ni kazi ya macho, kwa hiyo usitegemee usafi wa bomba.

Sasa chuma. Weka rula ya plastiki kwenye ukingo wa meza, nusu iko nje, bana kwa mkono, inyanyue iachie. Trrrr. Irudishe ndani, inapanda. Kila mtoto duniani amefanya hivi darasani na amepigwa kwa hili. Lakini ukitaka noti yenye maana unahitaji spoki za baiskeli, zigonge kwa nyundo juu ya chuma mpaka zilale bapa, zipange juu ya ubao wenye uwazi chini, zibane kwa kijiti kigumu na waya, tayari una marimba ya mkono. Wagogo wa Dodoma ndo wenyewe kwa hili, ilimba yao inajulikana dunia nzima na aliyeipeleka huko zaidi ni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003.

Bei ya spoki tuliikosea kwenye makisio wote watatu. Ukifupisha ulimi wa chuma mpaka nusu haupandi do moja, unapanda do mbili, mitetemo inakuwa mara nne. Sababu ni kwamba chuma kikiwa kifupi kinapata faida pande mbili kwa mpigo, kinakuwa kigumu zaidi kupinda na kinakuwa na uzito kidogo wa kurusha. Kwa hiyo do ya juu unaipata ukiufupisha mpaka sentimita 7 kutoka 10. Tu. Ndo maana kwenye marimba ya mkono ndimi hazipishani sana kwa urefu na bado zinabeba noti nyingi, na ndo maana ukitaka kuitengeneza noti unausogeza ulimi kwa kugonga kidogo sana, ukizidisha umeshapita.

Halafu spoki peke yake haisikiki. Ni nyembamba, inakata hewa bila kuisukuma, lazima ubao na sanduku lake vitetemeke nayo ndo sauti itoke nje. Tulibana ubao uleule juu ya ndoo ya plastiki iliyofunikwa, ukawa mwingine kabisa. Ilimba ya Kigogo ina ziada nyingine ninayoipenda sana, ule mzizimo wa zzzz nyuma ya kila noti. Wanatoboa tundu kwenye sanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, noti ikipigwa utando unatetemeka unaongeza mlio wake. Watu waliozoea gitaa la studio wanaweza kudhani ni uchafu wa spika, kumbe umetafutwa kwa makusudi. Nyumbani tulitumia kipande cha nailoni nyepesi kabisa na kinafanya kazi, ila usikivute kikakaza sana. Ni mpango uleule wa chanuo lililofunikwa nailoni, ambalo halilii ukipuliza, linalia ukiimba ndani yake, watu wengi hawalijui hilo wanapuliza mpaka kizunguzungu halafu wanasema limegoma.

Raba bendi niipitie haraka. Ukiivuta juu ya bakuli na kuidonoa unategemea ikivutika zaidi itapanda sana, na haipandi, inapanda kidogo tu, kwa sababu unaikaza na wakati huohuo unairefusha na hayo mawili yanapigana. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki ndo unaofuata sheria ya kwenye kitabu: do ya juu ni urefu nusu, au mkazo mara nne. Ndo maana vigingi vya zeze vinaumiza vidole. Na wapiga ngoma wanaoota ngoma zao moto kabla ya shughuli wananunua mkazo huohuo, joto linakausha ngozi iliyonyonya unyevu ikajilegeza.

Baiskeli ndo ilikuwa rahisi kuliko zote na ndo iliyomfanya mdogo aelewe mitetemo kwa sekunde ni nini hasa. Unakata kipande cha chupa ya plastiki, unakibana kwenye uma wa baiskeli kiguse spoki, unaendesha. Gurudumu la spoki 36 likizunguka mara mbili kwa sekunde ni mapigo 72 kwa sekunde, na sikio linaanza kuacha kuhesabu mapigo linasikia noti moja ya besi. Mteremkoni ukienda mara mbili ya mwendo, do ya juu, bila kukata wala kujaza chochote. Sikio la binadamu linachukua kuanzia kama mitetemo 20 kwa sekunde mpaka 20,000 ukiwa kijana, umri ukienda mitetemo ya juu inaondoka kwanza. Robert Hooke wa Uingereza alifanya mchezo huu kwa magurudumu ya meno karne ya 17, yaani kabla hata baiskeli haijakuwepo.

Huyo Hooke ndiye pia aliyeandika mwaka 1665 kwamba amepeleka sauti mbali kupitia waya uliokazwa, kwa hiyo simu ya makopo ina umri mkubwa kuliko simu. Tulitengeneza, ilifanya kazi, uzi ukilegea au ukigusa ukuta inakufa, sina la ziada.

La ziada liko kwenye kisoda. Kigonge kiwe bapa, toboa matundu mawili katikati, pitisha uzi ufunge kitanzi, kizungushe halafu vuta na kulegeza, vuta na kulegeza. Kinavuma vuuum, vuuum, kinapanda kikishika kasi na kushuka kikigeuka. (Na kikikatika kinaruka, kwa hiyo mbali na uso.) Mwaka 2017 kundi la Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitoa kifaa cha karatasi kinachozungushwa kwa nyuzi namna hiihii, kinatenganisha damu kwa ajili ya vipimo kama malaria, kinafika mizunguko 125,000 kwa dakika na kukitengeneza ni kama senti 20 za Kimarekani. Wazo lilianzia Uganda, alikuta zahanati ambayo mashine yao ya kuzungusha damu ilikuwa inazuilia mlango kwa sababu umeme hakuna. Nikimtazama mdogo anavyovuta kisoda chake mpaka uzi unamkata vidole nakubali kabisa kwamba inawezekana.

Kama una simu janja weka phyphox, ni ya bure, wameitengeneza watu wa RWTH Aachen Ujerumani, ina sehemu ya sauti inakuonyesha mitetemo mingapi kwa sekunde hapohapo unapopiga. Bila hiyo tungebaki tunabishana kwa masikio. Tahadhari moja tu: ukitengeneza honi la bomba lenye puto lililovutwa kufunika mdomo wake, usilipulize karibu na sikio la mtu. Linasumbua kama vuvuzela ya Kombe la Dunia 2010, na vuvuzela ikipimwa mdomoni inapita desibeli 110 wakati kazini kikomo cha siku nzima ya kazi ni 85. La kwetu lilipigwa marufuku na mama mwenye nyumba kabla sijalipima.

Ya mwisho ni ya mezani, haihitaji hata mkasi. Mimina maji ya moto kwenye kikombe cha udongo, weka kijiko cha kahawa ya kuyeyuka, koroga haraka, halafu gonga kitako cha kikombe kwa ndani kwa ncha ya kijiko, gonga mfululizo usiache. Noti inaanza chini kisha inapanda yenyewe, inapanda tu, inaweza kuzidi do nzima, na hakuna kilichokatwa wala kuongezwa. Unga unapoyeyuka unaachia vipovu vidogo sana vya hewa, na maji yenye vipovu yanapitisha sauti taratibu mno kuliko maji matupu. Vipovu vikipanda juu na kupasuka, sauti inarudisha mwendo wake, kwa hiyo bei ya do ya juu hapa ni kusubiri. Ukikoroga tena inashuka tena, na unaweza kuirudia hivyo mpaka mwenye kahawa yake aje kuidai.